Mbona Mwaka Huu?

Kazi ya kwanza niliyopewa katika maabara ya kuvu kule Marekani ilikuwa kukamua tui. Nilifika na shahada yangu ya Sokoine mkobani, nimejiandaa kukutana na mashine za mamilioni, nikakabidhiwa mfuko wa nazi kavu iliyokunwa, blenda na kitambaa cha kuchujia. Mimi ni mtu wa Kondoa. Kwetu nazi huletwa na malori kutoka pwani, na aliyenifundisha kukalia mbuzi ni rafiki yangu wa Tanga tuliyekaa naye bweni moja. Sasa nilikuwa nasaga nazi katika jimbo la wakulima wa mahindi, theluji imejaa nje ya dirisha, na fundi wa maabara kanisimamia nisizidishe maji.

Tui tulilichanganya na ageri, tukalipika kwa mvuke wa shinikizo, tukalimimina kwenye visahani vya plastiki likaganda. Juu yake tulipanda kuvu mbili, zote Aspergillus flavus, ile ya kijani-manjano inayopenda mahindi na karanga. Kwenye nazi kuvu hiyo hutoa sumu kwa wingi. Ndiyo maana ya kuhangaika na tui. Baada ya siku kadhaa visahani vyote viwili vilikuwa vimefunikwa na kijani kilekile, na kama ningeambiwa nichague kibaya ningebahatisha tu. Fundi akazima taa za chumba, akawasha taa ya mionzi ya urujuanimno, akavigeuza visahani kifudifudi. Kimoja kikazungukwa na mwanga wa buluu. Kingine kikabaki cheusi.

Buluu ile ni aflatoksini, sumukuvu mbaya kuliko zote tunazokutana nazo kwenye chakula. Dunia iliifahamu baada ya mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil. Ikiingia mwilini, ini hujaribu kuivunja, na katika kuivunja huigeuza kuwa kemikali kali inayong'ang'ania vinasaba. Ukiila kidogokidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini. Ukiila nyingi kwa muda mfupi, macho hugeuka njano, tumbo hujaa maji, na mtu hufa. Hayo nilikuwa nimeyasoma Morogoro. Nisilokuwa nimefundishwa ni kwamba kuvu inaweza kuwa na kila inachohitaji kutengeneza sumu hiyo, na isiitengeneze.

Msimamizi wangu alikuwa mzee mpole aliyetaka wanafunzi wamwite kwa jina lake la kwanza. Ulimi wangu ulikataa. Nilimwita Profesa mpaka siku naondoka. Hakupenda kufundisha kwa maneno. Aliniambia niichukue ile kuvu iliyowaka buluu, niipande kwenye chakula kilekile, na kuiweka katika makabati mawili, moja la nyuzi 30 na jingine la nyuzi 37. Kwenye nyuzi 37 ilistawi bila taabu. Lakini taa ilipowashwa, kisahani kilichotoka kwenye nyuzi 30 kiliwaka, na kile cha 37 hakikuonyesha kitu.

"Jeni za sumu zimekwenda wapi, Profesa?"

"Hazijaenda popote. Hazijaitwa."

Jeni hizo hukaa pamoja. Katika Aspergillus flavus zimepangana zaidi ya 25 kwenye kromosomu moja, katika kipande cha vinasaba chenye herufi takriban 70,000, na kila moja ina kazi yake katika mnyororo mrefu wa kemikali unaoishia kwenye aflatoksini. Ndugu yake aliyezoeleka zaidi maabara, Aspergillus nidulans, ana safu inayofanana na hiyo. Yake huishia kwenye sterigmatosistini, sumu iliyo hatua chache tu nyuma ya aflatoksini. Safu hiyo ilielezwa mwaka 1996, jeni 25 kwa idadi. Ndani ya kila safu kuna jeni iitwayo aflR. Protini yake hushika vinasaba mbele ya jeni wenzake, na hapo ndipo zinaposomwa. Bila AflR hakuna sumu, hata kama safu nzima ni salama. Joto la nyuzi 37 huvuruga uwiano kati ya AflR na msaidizi wake AflS, na mnyororo wote husimama.

Lakini aflR nayo ina wakubwa zake, na kuwajua hao kulinichukua muda mwingi kuliko kitu kingine chochote nilichojifunza kule.

Profesa alitupa kazi ya kuchosha: kukata kipande cha nyuzi za kuvu kutoka kisahani cha zamani na kukipandikiza kwenye kipya, kisha kutoka hicho kwenda kingine, bila kuchukua spora hata moja. Majuma yalipita. Polepole ile kijani ikaanza kufifia. Visahani vikawa vyeupe, kuvu imefura kama pamba, haitoi spora ila kidogo sana. Tulipovipima, sumu nayo ilikuwa imekwisha. Jambo hili lilikuwa limeshaandikwa mwaka 1994 na kundi la watafiti akiwemo Joan Bennett, waliolifanyia kazi katika Aspergillus parasiticus, kuvu nyingine inayotoa aflatoksini. Safu ya jeni za sumu ilikuwa nzima ndani ya ile pamba. Kilichopotea ni uwezo wa kuitumia, na ulipotea pamoja na uwezo wa kuzaa spora. (Bennett huyu alikuwa New Orleans wakati kimbunga cha Katrina kilipopiga mwaka 2005. Aliporudi nyumbani kwake akaikuta imejaa ukungu, alichukua sampuli. Naamini kila taaluma inahitaji angalau mtu mmoja wa namna hiyo.)

Kwa nini spora na sumu vipotee pamoja? Jibu moja lilikuwa limetolewa mwaka 1997, kwa A. nidulans. Kuvu hiyo ina protini iitwayo FadA, ambayo ikiwa macho huiambia kuvu ikue tu: irefushe nyuzi, itambae, ile. Kuna protini nyingine, FlbA, ambayo kazi yake ni kuizima FadA. Ikizimwa, kuvu huacha kutambaa, huanza kujenga vichwa vya spora, na wakati huohuo huanza kutengeneza sterigmatosistini. Watafiti walipoiharibu FadA isiweze kuzimika, walipata kuvu iliyofura, isiyo na spora, isiyo na sumu. Ni njia moja inayoishia kwenye mambo mawili. Sumu, kumbe, si uchafu unaovuja kutoka kwenye kuvu kila saa. Ni sehemu ya umri wake. Kuvu changa yenye chakula tele haina haja nayo. Kuvu iliyoshiba mahali pake, au iliyobanwa, ndiyo huanza kufikiria watoto na maadui.

Nasema "kufikiria" nikijua kwamba kuvu haina akili. Lakini ukikaa nayo muda mrefu, lugha nyingine inakuishia.

Kisha kuna mwanga. Profesa alikuwa na chumba kisicho na dirisha ambamo tulifanya kazi kwa taa hafifu, visahani vimefungwa kwa karatasi ya alumini. A. nidulans ikilelewa kwenye mwanga hutoa spora nyingi za kijani, zile zinazopeperuka. Ikilelewa gizani hugeukia njia nyingine ya kuzaa, hujenga matunda madogo meusi ya uzazi wa kijinsia, na sumu huongezeka. Anayepeleka habari za giza ni protini iitwayo VeA. Kwenye mwanga hubaki zaidi nje ya kiini cha seli. Giza likiingia, huingia kiini ikiwa imeshikana na mwenzake VelB.

Kuna jambo katika historia ya utafiti huu ambalo hunichekesha hadi leo. Kwa miongo mingi maabara za dunia zilitumia A. nidulans ambayo herufi moja ya jeni yake ya veA ilikuwa imebadilika. Kuvu hiyo ni rahisi kufuga: hutoa spora nyingi hata ukiifungia kabatini, na spora ndizo mwanajenetiki anazozihitaji. Wakaipenda. Mwaka 1990 Mooney na Yager walipoonyesha kwamba kuvu hii ikiwa nzima huhitaji mwanga ili itoe spora, ikadhihirika kwamba watu wengi walikuwa wamesoma tabia za kiumbe ambacho hakitofautishi usiku na mchana. Tangu hapo, mtu akiniletea matokeo ya maabara kuhusu mahindi yetu, swali langu la kwanza ni kuvu hiyo ilitolewa wapi.

Mkubwa wa mwisho, kwa kadiri tunavyomjua, ni LaeA. Jin Woo Bok na Nancy Keller, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, walimtangaza mwaka 2004, baada ya kuchunguza kuvu zilizoharibiwa makusudi mpaka zikashindwa kuiamsha aflR. Walipoiondoa jeni ya laeA, sterigmatosistini ilitoweka. Penisilini nayo ilipungua, maana A. nidulans hutengeneza penisilini pia. Walipoizidisha laeA katika Aspergillus terreus, ikatoa kwa wingi zaidi lovastatini, dawa ya kupunguza lehemu. Protini moja inashika sumu na dawa kwa mkono uleule. Haifanyi kemikali yoyote kati ya hizo. Hukaa kwenye kiini cha seli na kuathiri jinsi vinasaba vilivyokunjwa. Vinasaba havikai wazi. Vimekunjwa na kubanwa kama khanga ndani ya sanduku, na jeni iliyo chini kabisa ya sanduku haivaliki. A. flavus ina safu zaidi ya 50 za namna hii, na nyingi hatujaziona zikivaliwa.

Mwaka 2008 Özgür Bayram na wenzake katika kundi la Gerhard Braus, Göttingen, Ujerumani, waliunganisha vipande: gizani VeA na VelB huingia kiini, humkuta LaeA, na watatu hao kwa pamoja huamua uzazi na sumu. A. flavus ikinyang'anywa veA haitoi aflatoksini, na pia haitengenezi vile vidonge vigumu vyeusi ambavyo kuvu hii hujificha ndani yake ikisubiri msimu mwema.

Nilirudi nyumbani nikiwa najua haya yote, na nikiwa sijui nimweleze nani.

Mwaka 2016 watu walianza kuugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kabla ugonjwa haujatulia, wagonjwa 68 walikuwa wameorodheshwa na 20 kati yao walikuwa wamefariki. Ilikuwa aflatoksini, ndani ya mahindi ya nyumbani. Msimu uliofuata nilifuatana na wataalamu wenzangu waliokuwa wakizunguka vijijini kutoa elimu, na katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chemba tulikaa na wazee chini ya mti. Mwenzangu alieleza habari za turubai, za kutoanika mahindi kwenye udongo, za kutupa punje zenye ukungu. Maneno mazuri yote. Alipomaliza, mzee mmoja aliyekuwa amefiwa alinigeukia mimi.

"Bibi shamba, hebu nisaidie. Mahindi haya tumeyala tangu tukiwa watoto. Ukungu tumeuona tangu tukiwa watoto. Mbona mwaka huu?"

Mwenzangu akadakia kwamba huenda mahindi hayakukaushwa vizuri.

"Mwaka juzi ndiyo hatukukausha," mzee akasema. "Mvua ilitukuta. Na hakufa mtu. Haya yaliyotuua yalikuwa safi. Mke wangu aliyachambua kwa mkono wake."

Watu wakanyamaza. Nami nikajua kwamba mzee yule, bila kuingia darasani, ameuliza swali ambalo watafiti walilizunguka kwa miaka 40.

Nilimjibu hivi, kwa kadiri nilivyoweza. Nikamwambia, mzee wangu, ukungu huu hauji mwaka mmoja na kuondoka mwaka mwingine. Umo udongoni miaka yote, umo kwenye mabua ya mwaka jana. Kinachobadilika ni hali unayokutana nayo ndani ya punje. Mahindi yakipata maji ya kutosha wakati wa kujaza, hujilinda, na ukungu hupata nafasi ndogo. Ukame ukiyapata wakati huohuo, joto likapanda, na wadudu wakatoboa gunzi, ukungu huingia mapema. Na ukiwa ndani ya punje iliyo kwenye dhiki, huanza kutengeneza sumu wakati mahindi bado yamesimama shambani. Mkeo anaweza kuyaanika vizuri na kuyachambua vizuri. Sumu imekwisha ingia.

"Na hiyo rangi?"

Rangi ndiyo inayotudanganya. Nilimsimulia habari za Kenya. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Katika sampuli 350 za mahindi na unga zilizopimwa, zaidi ya nusu zilipita kiwango cha sehemu 20 kwa bilioni, na asilimia 7 zilipita 1,000. Mahindi yalikuwa yamepigwa na ukame, kisha mvua isiyo ya wakati wake ikayakuta kwenye mavuno, na watu wakayahifadhi mabichi ndani ya nyumba. Claudia Probst, Henry Njapau na Peter Cotty walipotafuta ni kuvu ipi hasa iliyohusika, walikuta aina inayoitwa S imetawala. Aina hii hutoa aflatoksini nyingi sana. Spora, ambazo ndizo huipa kuvu kijani chake, hutoa chache. Nguvu yake huiweka kwenye vidonge vyeusi vidogo visivyofika hata nusu ya milimita. Kwa hiyo mahindi yenye kijani cha kutisha yanaweza kuwa na sumu kidogo kuliko yale ambayo jicho limeyapitisha.

Mzee alifikiri kidogo. Kisha akasema, "Basi mngetuambia kwamba mwaka wa ukame ndio mwaka wa kupima."

Sijasikia mpango bora kuliko huo katika mkutano wowote wa wataalamu niliohudhuria, na nimehudhuria mingi yenye chai na sambusa.

Waserbia wangemwelewa mzee yule. Nchi yao hulima mahindi mengi na ilikuwa haijazoea aflatoksini. Ukame mkubwa wa mwaka 2012 ulipopita, mahindi yakapatikana na sumu kwa wingi, ng'ombe wakayala, na mapema mwaka 2013 maziwa yakawa habari ya kitaifa. Wakulima walikuwa walewale, maghala yaleyale. Hali ya hewa ilibadilika, na kuvu ikaitikia.

Nina ugomvi na mabango yetu. Karibu yote yanaonyesha gunzi la kijani lililopigwa alama nyekundu, na mwanamke anayeanika. Sikatai: kuchambua kunapunguza sumu, kukoboa kunaipunguza zaidi kwa kuwa nyingi hukaa kwenye ganda na kiini cha punje, na mahindi yaliyokauka chini ya asilimia 13 ya unyevu hayaipi kuvu nafasi ghalani. Mifuko isiyopitisha hewa nayo inafaa. Lakini bango la namna ile linamwambia mama aliyefiwa kwamba alikuwa mzembe. Na linamwambia yule ambaye mahindi yake ni meupe kwamba yuko salama. La kwanza ni dhuluma, la pili ni hatari. Hata zile pumba zilizokobolewa haziishii hewani. Huenda kwa kuku na kwa ng'ombe, na kutoka kwa ng'ombe hurudi mezani ndani ya kikombe cha maziwa.

Upimaji wenyewe una mitego. Kiwango kinachoruhusiwa kwetu ni maikrogramu 10 kwa kilo. Gunia la kilo 100 likiwa na miligramu moja tu ya sumu, limefika ukomo. Na sumu hiyo haijienezi sawasawa: inaweza kuwa kwenye punje chache, ambazo kila moja imebeba nyingi ajabu, zikizungukwa na punje safi. Anayechota kiganja juu ya gunia anapima bahati yake. Ndiyo maana nimekuwa mkali kwa vijana wanaokuja kujifunza kwangu: bambo liingie juu, katikati na chini, katika magunia mengi, kisha yote yasagwe pamoja kabla ya kupimwa. Wengine huniona nasumbua.

Swali ambalo watu huniuliza sana ni kuvu inapata faida gani. Mahindi hayaikimbii, sisi hatuili. Jibu linalonishawishi linatoka kwa wadudu. Mwaka 2007 Marko Rohlfs na wenzake waliwapa wadudu wadogo wa udongoni wachague kati ya A. nidulans nzima na ile iliyoondolewa laeA. Wadudu waliipenda isiyo na laeA, isiyo na silaha. Na mwaka 2017 Milton Drott na wenzake walionyesha kwamba A. flavus yenye aflatoksini hufanya vizuri zaidi pale funza wa nzi wanapokuwepo, wakiila na kugombania nayo chakula. Wadudu wasipokuwepo, faida hiyo huisha. Huenda hapo ndipo siri ya zile kuvu mbili za juu ya tui langu: kutengeneza sumu kuna gharama, na mahali pasipo na adui, asiyeitengeneza haachwi nyuma. Ndiyo maana aina zote mbili zimo katika shamba moja, hata katika gunzi moja.

Wajapani walilitumia hilo zamani, bila kulijua, kwa kuifuga Aspergillus oryzae, ndugu wa damu wa A. flavus, kwa ajili ya kuchachusha soya na wali. Safu yake ya jeni za sumu ina hitilafu na haisikii amri. Sisi tumelitumia kwa njia nyingine. Peter Cotty huyohuyo, akifanya kazi Arizona kwenye mashamba ya pamba, alitumia aina ya A. flavus isiyotoa sumu, ile iitwayo AF36. Kasoro yake ni herufi moja iliyobadilika katika jeni ya mwanzo kabisa ya mnyororo. Protini inakatika kabla haijakamilika, na kemikali zote zinazofuata hazizaliwi. Herufi moja, na mtu hafi. Kuvu hiyo ikimwagwa shambani mapema hushika mahali na kuwazidi wingi wenye sumu. Kituo cha utafiti cha IITA kikaileta mbinu hiyo Afrika kwa jina la Aflasafe, kikitafuta kuvu zisizo na sumu katika udongo wa kila nchi, na aina mbili za Tanzania, TZ01 na TZ02, zilisajiliwa mwaka 2018. Kenya wana KE01. Huja ikiwa imepakwa kwenye punje za mtama uliokaangwa usiote.

Nilipoipeleka kwa mara ya kwanza kwenye shamba la mama yangu, alisimama akinitazama nikitawanya, mikono kiunoni.

"Mwanangu, umesoma miaka yote hiyo uje kunimwagia ukungu shambani?"

"Ndiyo, mama."

"Na baba yako aliuza ng'ombe."

Nikamweleza habari ya herufi moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama wadudu wataila, nikamwambia ndiyo, wataila bila tabu. Akasema afadhali nao wapate.

Kuna njia nyingine zinakuja. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walitangaza mahindi yanayotuma ujumbe ndani ya kuvu na kuinyamazisha jeni ya mwanzo ya sumu. Hawakuona aflatoksini katika punje zake. Mahindi hayo hayapo sokoni kwetu, na mjadala wa kuyapokea utakuwa mrefu. Sina haraka nao. Kilichopo leo kinatosha kuokoa watu kikitumiwa kwa wakati wake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayelima Kongwa, Kiteto, Chemba au Kondoa: usisubiri kuona kijani, na usitegemee jiko, kwa maana moto wa ugali hauivunji aflatoksini. Mwaka ambao mvua imekatika mahindi yakiwa yanajaza, omba yapimwe hata kama ni meupe. Na kama utatumia Aflasafe, ni kilo 4 kwa ekari, udongo ukiwa na unyevu, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa mbelewele. Ukitawanya baada ya hapo, kuvu yenye sumu imekwisha tangulia.